Nyoka mwembamba wa kijani kwenye kichanja cha pesheni: uchambuzi wa kisa kimoja cha nyumbani

Nyumba ya kisa hiki ni ya mfano, ila mtu wa Muheza, mkoani Tanga karibu na pwani, hataona geni ndani yake. Kuta za matofali, bati juu, jiko la nje lililoezekwa makuti, pipa la maji ya mvua konani, na kichanja cha pesheni kinachoanzia ukutani mwa jiko na kuishia kwenye matawi ya mwembe. Nyuma kuna michungwa na minazi michache. Saa nne asubuhi kijana wa nyumba ananyoosha mkono kuchuma pesheni, na nusu mita kutoka vidoleni mwake amejilaza nyoka wa kijani, mwembamba kuliko kidole gumba, urefu kama mkono wa mtu mzima. Nyoka hasogei. Kijana anaruka nyuma na kuita, "Bibi, nyoka!" Mtu wa kwanza kutokea ni jirani, na ameshika panga.

Uchambuzi huu unakaa sana kwenye dakika kumi zinazofuata, kwa sababu mambo mengi yanayoharibika katika visa vya nyoka wa kijani huharibika hapo.

Anaweza kuwa nani

Pwani ya Tanzania na Kenya, nyoka mwembamba wa kijani anayeonekana mchana kwenye matawi kwa kawaida ni mmoja kati ya watatu. Wa kwanza ni ukukwi. Jina hilo hubeba nyoka kadhaa wa jenasi Philothamnus, na wanaokutwa sana karibu na nyumba ni yule wa mabaka, Philothamnus semivariegatus, na yule wa vitone, Philothamnus punctatus. Hawana sumu. Wa pili ni mamba wa kijani, Dendroaspis angusticeps. Huyu si mamba wa mtoni. Jina lake limetoka kwa Wazulu, na sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Hupenda maeneo yenye miti minene ya pwani, pamoja na mashamba ya maembe, mikorosho na minazi, kwa hiyo Muheza ni kwao hasa. Wa tatu ni bumslangi, Dispholidus typus. Jina ni la Kiafrikana, maana yake nyoka wa mti, na sumu yake huizuia damu isigande.

Kumtambua kwa rangi ni kosa la kwanza. Kijani hakimtaji nyoka yeyote. Wote watatu wanayo rangi hiyo, na bumslangi anawachanganya watu zaidi, kwa kuwa madume wengi ni kijani, majike wengi ni kahawia, na watoto ni wa kijivu-kahawia wenye macho ya kijani kinachong'aa.

Kosa la pili ni kumtambua kwa udogo. "Huyu mdogo, hana neno" ni kauli inayopeleka watu hospitali. Mtoto wa mamba wa kijani huanguliwa akiwa na sentimita 30 hadi 45, na sumu yake iko tayari tangu siku hiyo. Urefu unasaidia upande mmoja tu: ukukwi mara chache hupita mita 1.3, kwa hiyo nyoka wa kijani anayekaribia mita mbili si ukukwi, na hakuna haja ya kuangalia zaidi, watu waondoke. Chini ya hapo urefu haukuambii kitu. Nyoka wa kisa hiki, mwenye sentimita 70 hivi, anaweza kuwa yeyote kati ya watatu.

Kinachosaidia ni jicho, kichwa na ngozi ya shingo, vikitazamwa kutoka mbali. Ukukwi ana jicho kubwa, mboni ya duara, na duara linaloizunguka lina rangi ya dhahabu au machungwa. Yule wa mabaka ana alama nyeusi zilizokatiza shingoni na sehemu ya mbele ya mwili, nazo hufifia kadiri unavyoelekea mkiani, ambako kijani mara nyingi hugeuka kuwa cha shaba. Yule wa vitone amenyunyiziwa nukta nyeusi ndogo, ingawa wapo wasio nazo kabisa, na hao ndio wagumu kuwatenga na mamba.

Mamba wa kijani ana kichwa kirefu, chembamba, chenye pande zilizonyooka kama jeneza, na jicho lake ni dogo ukililinganisha na kichwa hicho. Magamba ni laini, kijani ni kimoja mwili mzima, pengine na gamba moja moja la njano. Hana mabaka meusi. Watoto wake huwa na kijani chenye ubuluu kidogo kabla ya kukomaa.

Bumslangi ana kichwa kifupi kama yai na jicho kubwa kupita kiasi, kubwa kuliko la nyoka wengi utakaowaona. Magamba ya mgongoni yana mstari ulioinuka katikati, ndiyo maana mwili wake haung'ai kama wa mamba. Unaonekana wa kukwaruza.

Watu hupenda kutaja alama ya shingo kuvimba. Isitegemewe. Ukukwi akitishwa huvimbisha koo mpaka ngozi ya kibuluu ionekane kati ya magamba, na bumslangi naye huvimbisha shingo, tena zaidi. Kutulia tuli nako si alama: wote watatu wanajua kukaa kama kijiti.

Kwa hiyo kanuni tunayoisimamia ni kwamba mabaka meusi yaliyokatiza shingoni, pamoja na jicho kubwa la dhahabu, yanatosha kusema ukukwi. Alama hizo zisipoonekana wazi, nyoka anahesabiwa kuwa na sumu. Na hata akisemwa kuwa ukukwi, bado hashikwi kwa mkono.

Sharti hilo la mwisho lina historia ya kusikitisha. Mwaka 1957 mtaalamu wa nyoka Karl Patterson Schmidt, wa jumba la makumbusho la Chicago, aliletewa nyoka mdogo kutoka Afrika ili amtambue. Alimshika, akaumwa kwenye kidole gumba na jino moja tu lililozama vizuri. Alikuwa bumslangi mchanga. Schmidt aliandika dalili zake mwenyewe, akala kifungua kinywa asubuhi iliyofuata, na siku hiyo hiyo akafariki kwa kutokwa damu ndani ya mwili. Mtu aliyetumia maisha yake yote kwa nyoka alihukumu jeraha kwa udogo wake. Basi jirani mwenye panga asilaumiwe kwa kukosea. Ila asipewe nafasi ya kukosea.

Panga, na kwa nini linaongeza hatari

Hofu ya jirani haistahili kubezwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huku kwetu wapo wengi waliozika mtu kwa nyoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kwa mwaka duniani kutokana na nyoka, na mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Lakini panga halipunguzi hatari ya nyoka aliye juu ya kichanja.

Ukiwa mita tatu au nne, nyoka wa sentimita 70 hawezi kukufikia. Ili panga limfikie, ni lazima usogee mpaka urefu wa mkono, yaani wewe ndiwe unayejiingiza kwenye umbali wa kuumwa. Kichanja kinanesa. Pigo linapotua kwenye mmea unaobonyea, nyoka hakatiki. Anarushwa, na aliye chini yake ni wewe, uso ukiwa juu, majani yakikuangukia machoni. Akikosa kuanguka, anakimbilia juu ya makuti au ndani ya jiko, na sasa mna nyoka aliyejeruhiwa mahali ambapo hamumwoni. Hata akikatwa kichwa, kichwa hicho kinaweza kuuma kwa muda mrefu baadaye, na watoto hupenda kukichezea.

Mawe na fimbo ndefu havina nafuu. Mafuta ya taa ni mabaya kuliko vyote: yanaua pesheni, yanaharibu udongo, yanaweza kuwasha makuti, na nyoka bado yupo.

Kilichofaa kufanywa, na namna kilivyokwenda

Bibi ndiye anayeshika usukani. Anamwambia kijana, "Rudi nyuma, baba, lakini usiache kumtazama," na jirani anaombwa kwa heshima aweke panga chini na asimame upande wa mlango wa jiko. Kazi yake inakuwa ya kumfuatilia nyoka asiingie ndani bila kuonekana. Kumpa mtu mwenye hofu kazi ya kutazama kunafanya kazi vizuri kuliko kumwambia atulie.

Watoto wanaingizwa ndani ya nyumba kubwa, mlango unafungwa, na nguo iliyolowa inasokotwa na kubanwa chini ya mlango. Paka anafungiwa chumbani. Kuku waachwe, ukukwi hawezi kummeza kuku, na kelele zao zina faida, kwani kuku na ndege kama shore wakimwona nyoka humpigia kelele mahali alipo, na ukimpoteza machoni ndege hao watakuonyesha. Moto wa jikoni hauongezwi. Moshi mwingi utamsukuma nyoka asikotarajiwa.

Kisha picha. Picha inakuzwa kwenye simu, miguu ibaki mita tatu au zaidi. Zinahitajika tatu: kichwa kwa ubavu ili jicho lionekane, shingo na sehemu ya mbele ya mwili, na nyoka mzima pamoja na kitu cha kulinganishia urefu, mfano tunda la pesheni au tofali. Picha moja ya mkia ndani ya majani haimsaidii mtu yeyote, na ndiyo inayopigwa mara nyingi. Picha zinatumwa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kwa walio Kenya, kituo cha Bio-Ken kilichopo Watamu, kilichoanzishwa mwaka 1980, kinawajua nyoka wa pwani barabara.

Katika kisa hiki picha inaonyesha mabaka meusi shingoni na jicho la dhahabu. Ni ukukwi wa mabaka. Anaachwa. Baada ya kama dakika arobaini za kutosumbuliwa anaanza kusogea, anashuka kwenye nguzo, anapanda ukuta wa matofali wima kama mjusi, na kichwa kinaingia kwenye ufa ulio chini ya bati. Watu wengi wakiona hivyo hudhani ni uchawi. Ukukwi ana ukingo mgumu pande zote mbili za magamba ya tumbo, na kwa ukingo huo hung'ang'ania kila mkwaruzo wa tofali. Anatoka kinyumenyume na mjusi kafiri mdomoni, kisha anarudi mwembeni.

Kama angeingia ndani ya chumba, hatua zingegeuka kidogo: milango ya vyumba vingine ifungwe na kuzibwa chini kwa nguo, mlango wa nje na dirisha viachwe wazi, watu wote watoke, na mtu mmoja akae nje mahali anapouona mlango. Saa moja au mbili kwa kawaida zinatosha mchana. Ikifika jioni hajaonekana akitoka, hakuna mtu anayelala chumbani humo mpaka kila kitu kimetolewa kimoja kimoja kwa fimbo ndefu, viatu vigumu miguuni, taa ikiwa imewashwa. Nyoka ambaye hakutambuliwa, au aliyetambuliwa kuwa mamba au bumslangi, asingojewe hivyo tu. Aitwe afisa wanyamapori au mtu mwenye mafunzo.

Kama angeuma

Ukukwi akishikwa huuma bila kusita, na huacha mikwaruzo midogo ya meno. Hiyo inaoshwa kwa maji na sabuni, na mtu anakwenda kupata chanjo ya pepopunda kama muda wake umepita. Lakini maneno hayo yanafaa tu pale nyoka alipotambuliwa bila shaka yoyote. Alama za meno zenyewe hazithibitishi kitu: bumslangi anaweza kuacha tundu moja dogo lisilouma.

Nyoka wa kijani asiyejulikana akiuma, saa inaandikwa papo hapo, kwa kalamu mkononi mwa mgonjwa ikibidi. Pete, bangili na saa zinavuliwa kabla ya uvimbe. Mgonjwa analazwa na hatembei. Kiungo kilichoumwa kinatulizwa kabisa: bandeji pana ya kuvutika, au kanga iliyochanwa vipande vya upana wa kiganja, inazungushwa kuanzia vidoleni kwenda juu mpaka kiungo chote kifunikwe, kwa mkazo ule ule wa kufunga kifundo kilichoteguka, halafu kinafungwa kwenye ubao au fimbo kisipinde. Ncha za vidole ziachwe wazi zikaguliwe. Zikiwa baridi na kubadilika rangi, imekazwa mno. Ufungaji huu ni kwa sababu ya mamba. Usifanyiwe mtu aliyeumwa na kifutu, ambaye sumu yake huharibu nyama pale pale.

Kamba ya kukaza mkono, wembe, kunyonya jeraha, jiwe jeusi la nyoka, mafuta, na shoti ya betri ya pikipiki havitoi sumu. Vinachukua dakika, na kamba imewakatisha watu mikono ambayo nyoka asingeiharibu. Mganga anaweza kuheshimiwa na bado asiwe kituo cha kwanza. Akubaliane na familia kuwa hospitali inatangulia.

Safari ya bodaboda ikiwa ndiyo iliyopo, mgonjwa akae kati ya dereva na mtu mzima wa nyuma anayemshikilia, mkono uliofungwa ukiwa umetulia kifuani. Anayeanza kuongea kwa ulimi mzito, kope zikilegea, mate yakimjaa na pumzi ikipungua, ana dalili za mamba. Zinaweza kuanza ndani ya nusu saa. Alazwe ubavuni, na pumzi ikikoma apuliziwe mdomo kwa mdomo bila kuacha njiani, kwa kuwa moyo wake unaweza kuwa mzima kabisa wakati misuli ya kupumua imelala. Wako waliookolewa kwa hilo tu.

Bumslangi hana haraka hiyo, na upole wake ndio unaodanganya. Saa kadhaa, hata siku nzima, zinaweza kupita kabla fizi hazijatoka damu au mkojo haujabadilika. Kwa hiyo mtu aliyeumwa na nyoka wa kijani asiyejulikana haruhusiwi kurudi nyumbani kwa sababu tu "hana dalili". Akae chini ya uangalizi saa 24 kwa uchache, na pale bumslangi anaposhukiwa, saa 48.

Zahanati isiyo na maabara kubwa bado inaweza kufanya kipimo muhimu. Mililita 2 za damu ya mshipa zinawekwa kwenye chupa ndogo ya kioo, mpya au safi na kavu, inaachwa bila kuguswa dakika 20, kisha inainamishwa mara moja. Damu ikitiririka, haigandi, na hiyo ni dharura. Kipimo huharibika kwa mambo mawili ya kawaida: kutumia chupa ya plastiki, au ya kioo iliyooshwa kwa sabuni, kwani katika zote mbili hata damu nzima inaweza isigande. Kinarudiwa baada ya saa chache, maana jibu zuri la saa ya kwanza halimwondolei mtu bumslangi.

Antivenomu, yaani dawa ya kupambana na sumu ya nyoka, ile ya mchanganyiko wa nyoka kadhaa inayotengenezwa Afrika Kusini, inamhusu mamba wa kijani. Haimhusu bumslangi, yeye ana ya peke yake, nayo si rahisi kupatikana, ndiyo maana simu za kuitafuta zipigwe mara damu inapoonyesha shida. Mtoto hupewa dozi sawa na mtu mzima, kwa kuwa kinachoangaliwa ni sumu ya nyoka, na nyoka hapunguzi sumu kwa kuona aliyemuuma ni mdogo. Adrenalini, dawa ya mzio mkali, iwe imeshavutwa kwenye sindano kabla antivenomu haijaanza kuingia.

Asiletwe nyoka hospitali, hai wala aliyekufa. Picha inatosha.

Alifuata nini pale

Ukukwi hakuja kwa ajili ya watu. Taa ya barazani huwaka usiku, wadudu hukusanyika, mijusi kafiri hujaa ukutani, na mchana hujificha kwenye nyufa ambamo ukukwi huingiza kichwa. Pipa linalovuja linatunza vyura. Kichanja kinampa njia yenye kivuli kutoka mwembeni mpaka jikoni bila kugusa ardhi. Kinyonga naye, ambaye watu humwogopa bure kwa kuwa hana sumu yoyote, hukaa kwenye majani hayo hayo na huliwa na ukukwi.

Njia hiyo ya kivuli inaweza kumfaa mamba pia, na hapo ndipo kuna sababu ya kushika mkasi wa bustani. Pesheni ikatwe mpaka kubaki mita mbili wazi kati ya kichanja na mwembe, na isiguse makuti wala bati. Matawi ya mwembe yaliyolala juu ya paa yaondolewe. Nyufa za ukuta na uwazi chini ya bati vizibwe kwa saruji, na matundu ya hewa yawekewe wavu mgumu ambao kidole kidogo hakipiti. Paa la makuti halizibiki, kwa hiyo vyombo vya jikoni vifunikwe au vitundikwe, na kuni zipangwe juu ya vichuma sentimita 30 kutoka chini, mbali na ukuta. Koki ya pipa itengenezwe. Taa ya barazani izimwe watu wakilala.

Kitunguu saumu, kiberiti cha unga, dawa ya nondo na matairi yanayofukizwa havizuii nyoka. Pesa hiyo inunue wavu.

Lundo la majani ya mbolea lisifukuliwe kwa mkono mtupu. Ukukwi hutaga humo mayai marefu membamba, hadi dazeni hivi, na huanguliwa baada ya takriban miezi miwili. Lakini mamba naye hutaga kwenye majani yanayooza, na mayai peke yake hayamtambulishi mwenyewe. Lundo likae upande wa mbali wa shamba, ligeuzwe kwa uma wa mpini mrefu.

Na pesheni zichumwe kwa upondo wenye ndoano, baada ya kutikisa kichanja mara moja na kusubiri kidogo ukiangalia kati ya majani, kwanza kwenye nguzo, halafu juu ya kichwa chako.